Saa za huduma ya jamii kwa mwanafunzi wa tiba ya Kichina: zipi ni kazi, zipi ni sahihi tu

Vyuo vingi vinavyofundisha tiba ya jadi ya Kichina havimwachii mwanafunzi amalize bila kutoka nje ya geti na kuhudumia watu. Majina hutofautiana: huduma ya jamii, zamu za nje, mazoezi ya kijamii. Fomu haitofautiani sana: tarehe, mahali, idadi ya saa, sahihi ya msimamizi. Na kasoro kubwa ya utaratibu mzima imo humo humo kwenye fomu, kwa sababu inahesabu saa bila kuuliza mkono wa mwanafunzi ulikuwa unafanya nini. Saa tatu za kupanga viti na kugawa vipeperushi, na saa tatu za kudunga sindano 180 huku mwalimu akitazama, zote zinaingia mstari mmoja na kuandikwa "3".

Kwa hiyo hapa hatushindanishi vyuo. Tunapima aina za zamu ambazo mwanafunzi huwekewa mezani achague, na kila moja tumeiuliza maswali mawili: mwanafunzi anatoka na ujuzi gani ambao hakuingia nao, na je, aliyekaa kwenye kiti alihudumiwa kama mgonjwa au alitumiwa kama mto wa kuchomekea pini?

Saa ya kliniki na saa ya jamii

Wengi huumia hapa kabla hata hawajashika sindano. Saa za kliniki zinadaiwa na bodi ya leseni au chombo cha ithibati. Saa za huduma ya jamii mara nyingi ni sharti la chuo chenyewe. Chuo kimoja kinaweza kukubali zamu moja ihesabiwe pande zote mbili, kingine kikakataa, na mwanafunzi akaja kujua wiki ya mwisho kwamba saa 30 alizoziandika mara mbili zimebaki mara moja. Jibu la hilo litafutwe kwa maandishi kabla ya zamu ya kwanza. La mdomo halitoshi, maana waratibu hubadilika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu mafunzo na usalama wa akupancha (tiba ya kudunga sindano), lilipendekeza saa 2,500 kwa mtu asiye daktari anayesomea kazi hii kikamilifu, na kati ya hizo zisizopungua 1,000 ziwe za vitendo. California, nchini Marekani, inataka saa 3,000, za kliniki zikiwa 950. Kanuni za huko zina mambo mawili yanayomgusa moja kwa moja anayetafuta zamu za nje. Kwanza, angalau asilimia 75 ya mafunzo ya kliniki hufanyika kwenye kliniki inayomilikiwa na kuendeshwa na chuo chenyewe. Piga hesabu: kati ya 950, zinazoweza kwenda nje hazifiki hata 240. Pili, katika saa 275 za mwanzo za kupima na kutibu, msimamizi awepo kwa mwili wake muda wote, tangu uchunguzi hadi mwisho wa tiba. Katika 275 zinazofuata awepo sindano zinapodungwa, na wakati mwingine wote awe karibu.

Hata asiyesoma California anaweza kuichukua kanuni hiyo ya pili kama kipimo chake. Zamu ambayo msimamizi wake "anapatikana kwenye simu" inafaa kupima presha na kujaza majalada. Haifai kudunga mtu.

Zamu ya sikio ya kila wiki: 4.5 kati ya 5

Tuanze na iliyo bora, na ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Ni zamu ya kudunga sindano masikioni. Asili yake ni Hong Kong, mwaka 1972, ambako daktari wa upasuaji wa ubongo, H. L. Wen, aliona wagonjwa waliokuwa wakipewa akupancha ya umeme wakipata nafuu ya mateso ya kuacha kasumba. Wazo likafika Lincoln Hospital, South Bronx, New York, ambako Michael Smith na wenzake walilipunguza miaka iliyofuata: umeme ukaondolewa, pointi, yaani mahali pa kudunga, zikabaki tano kwa kila sikio, watu wakakaa pamoja kwenye chumba kimoja bila kuvua nguo wala kueleza maisha yao. Mwaka 1985 likaundwa shirika la NADA (National Acupuncture Detoxification Association) kuufundisha utaratibu huo. Mafunzo yake ni saa 70: 30 za nadharia, 40 za kudunga watu chini ya mwalimu. Leo utaukuta kwenye nyumba za watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya, vituo vya wakimbizi, makazi ya wasio na nyumba na sehemu zilizokumbwa na maafa.

Kwa mwanafunzi, uzuri wake ni marudio. Pointi ni zile zile tano, watu ni wengi, masikio hayafanani. Shen Men iko kwenye kishimo cha pembetatu sehemu ya juu ya sikio. Pointi ya simpathetiki imejificha: fuata tawi la chini la ule ukuta wa ndani wa sikio, ulioinuka sambamba na ukingo, hadi linapozama chini ya ukingo uliojikunja, hapo ndipo penyewe, na wanafunzi wengi huidunga nje mno kwa sababu hawakuufunua ukingo kwa kidole. Figo iko kwenye bakuli ya juu ya sikio, chini kidogo ya tawi hilo. Ini iko kwenye bakuli hiyo hiyo, upande wa kisogoni. Pafu iko kwenye bakuli ya chini, jirani na tundu la sikio. Ndewe haiguswi kabisa.

Sindano ya kawaida ni ya unene wa milimita 0.20 na urefu wa milimita 13. Inaingia milimita moja au mbili, kiasi cha kusimama yenyewe. Ikilala, haijashika; ikitokea upande wa pili wa sikio, imepitiliza. Futa sikio kwa pamba ya spiriti ya asilimia 70 na usubiri ikauke. Anayedunga ngozi ikiwa bado mbichi husababisha maumivu ya kuungua ambayo mgonjwa atayalaumu kwa sindano, na hatarudi. Mwambie avute pumzi, dunga anapoitoa.

Sasa hesabu ya zamu yenyewe. Viti 12, wanafunzi wawili, msimamizi mmoja, saa tatu. Kila mtu anatumia kama dakika tano za mapokezi na ridhaa, mbili au tatu za kudungwa, 35 za kutulia, mbili za kuchomolewa. Ukiweka na muda wa kufuta viti, unapata mizunguko mitatu bila kukimbizana: watu 36, masikio 72, sindano 360, yaani 180 kwa kila mwanafunzi. Si rahisi zamu ya kliniki ya kawaida ikupe idadi hiyo kwa siku moja. Wanafunzi wawili wanachukua robo saa hivi kumaliza viti 12, kwa hiyo aliyekaa wa kwanza ametangulia wa mwisho kwa dakika 15. Andika muda kwenye kikaratasi chini ya kila kiti na uchomoe kwa mpangilio huo huo. Wasiofanya hivyo huanza na aliye karibu nao, na mama wa watu kwenye kona anakaa saa nzima.

Kuchomoa ndiko kunakomtofautisha anayejua na anayejifunza. Kudunga kuna adabu yake na wote hufundishwa vizuri. Kuchomoa huonekana kazi ndogo, mtu amechoka, chumba kimeanza kuzungumza, na hapo ndipo mwanafunzi hujichoma. Mkono mmoja una pamba kavu (kavu, siyo ya spiriti), mwingine unachomoa na kupeleka sindano moja kwa moja kwenye sanduku la usalama. Sanduku lije kwenye kiti. Mwanafunzi asivuke chumba na sindano mkononi. Mawili ya ukubwa wa wastani yanafaa kuliko moja kubwa, na kila moja linafungwa likijaa robo tatu. Sikio likitoa tone la damu, bonyeza kama nusu dakika bila kusugua.

Halafu hesabu. Kumi ziliingia, kumi zitoke. Hesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu…", kwa sababu mgonjwa naye atahesabu na atakukumbusha. Sindano ya sikio ni nyepesi kiasi kwamba huanguka yenyewe mtu anaposinzia: kwenye kola, kwenye kilemba, kwenye nywele zilizosukwa, kwenye mkunjo wa kiti. Zikitoka tisa, mtu hainuki kwanza. Angalia sikio tena, hasa ile ya simpathetiki chini ya ukingo, kisha bega, kisha kiti, kisha sakafu kwa tochi iliyolazwa chini, mwanga ukimulika kwa mlalo. Wengine hupitisha sumaku. Inasaidia, ila baadhi ya vyuma visivyoshika kutu haviitikii sumaku vizuri, kwa hiyo isiwe ndiyo tegemeo lako. Mapakiti matupu yasitupwe hadi zamu iishe. Kama kila pakiti ilikuwa na sindano tano na umefungua 72, unajua bila ubishi kwamba 360 zilitoka mkononi mwenu.

Kuzirai kupo, hasa kwa anayekuja mara ya kwanza, ambaye hajala, au aliyekesha. Dalili hujitangaza: anapauka, jasho jembamba kwenye paji la uso, anasema ana kichefuchefu. Chomoa zote, mlaze chali, inua miguu, mwite msimamizi. Tatizo la chumba cha watu 12 ni nafasi ya kumlaza. Viti vikipangwa ukutani kote na katikati kukajazwa meza ya chai, mtu ataangukia meza. Acha mita mbili za sakafu wazi.

Kabla ya kudunga, maswali manne hayarukwi: unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? una ujauzito? sikio lina kidonda au maambukizi? una mzio wa madini ya nikeli? "Ndiyo" yoyote inapelekwa kwa msimamizi, mwanafunzi haamui. Baada ya zamu, mtu aelezwe kwamba sikio likiendelea kuuma, kuwa jekundu na kuvimba siku zinazofuata, aende hospitali bila kusubiri. Gegedu lina damu kidogo, na maambukizi yakishaingia humo hayatoki kirahisi.

Mbona basi haikupata tano kamili? Kwa sababu ya maneno yanayobandikwa mlangoni. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 kwenye jarida la JAMA, uliohusisha watu 620 waliokuwa wakitumia kokeini, haukuona pointi hizi za sikio zikishinda sindano za kulinganishia wala mazoezi ya kutulia katika kupunguza matumizi. Watu hutoka wametulia, hulala vizuri, hurudi wiki ijayo, na kwa mtu anayepambana na uraibu kurudi si jambo dogo. Lakini bango linalosema "acha dawa za kulevya kwa sindano tano" ni uongo, na mwanafunzi anayesimama chini yake anaweka jina lake kwenye uongo huo. Andika "huduma ya kutuliza, sambamba na matibabu unayoendelea nayo".

Jambo moja kwa wa mwaka wa kwanza ambao bado hawajaruhusiwa kudunga: zamu hii inawafaa pia. Mbegu ndogo za mmea wa wangbuliuxing zilizobandikwa kwenye plasta hukaa kwenye pointi zile zile na hubonyezwa kwa kidole mara kadhaa kwa siku. Mgonjwa anazibandua baada ya siku tatu hadi tano, au mapema zikiwasha au kulowa. Kwa mwanafunzi, ni njia ya kujifunza ramani ya sikio bila kumwaga damu. Ila kwa wenye kisukari au ngozi laini ya uzeeni, zisiachwe muda mrefu. Mgandamizo wa mahali pamoja huchubua.

Kambi ya siku moja: 2 kati ya 5

Maonyesho ya afya, siku ya kituo, hema kwenye uwanja. Picha zake hupendeza na ndizo zinazopamba vipeperushi vya vyuo. Kwa ujuzi, ndiyo zamu dhaifu kuliko zote, na kwa usalama ndiyo yenye mitego mingi.

Chukua ulimi. Utambuzi wa Kichina unasoma rangi ya ulimi na utando wake: mwekundu, uliopauka, wa zambarau. Chini ya hema la turubai la buluu, ulimi wa kila mtu unaelekea zambarau. Mwanafunzi anaandika "damu imetuama" kwa watu ishirini mfululizo na hajui kwamba ameandika rangi ya hema. Hema jeupe, au mpeleke mtu ukingoni atazame mwanga wa mchana. Na muulize amekunywa nini, maana kahawa na soda ya rangi huchafua utando. Mapigo nayo yanataka utulivu. Kusikiliza nafasi tatu za kifundo cha mkono, cun, guan na chi, pembeni ya spika ya muziki ni kujidanganya, tena mtu mwenyewe ametoka kupanda mlima wa ngazi na moyo bado unamwenda mbio.

Mtego mkubwa zaidi ni bega. Watu wanaopita hemani hulalamikia shingo na mabega kuliko kitu kingine, na mwanafunzi anaijua pointi ya Jianjing, ile ya juu ya bega, kwa sababu inafanya kazi haraka na inaonekana. Chini yake ni kilele cha pafu. Kwa mtu mwembamba aliyekaa kiti cha plastiki, anayegeuka kumwita mwanawe, sindano iliyoingia wima ina safari fupi sana kabla ya kutoboa utando wa pafu, na pafu kusinyaa si jambo la kutibiwa hemani. Sheria tunayoikubali kwa kambi ni moja: chini ya kiwiko na chini ya goti tu, au sikio. Mgongo, kifua, tumbo na mabega vibaki kliniki, kwenye kitanda. Pointi ya Hegu mkononi nayo isidungwe kwa mjamzito. Ndivyo mapokeo yanavyosema na hakuna sababu ya kuyajaribu uwanjani.

Chuku za moto zisiende kwenye kambi. Upepo hauna adabu, spiriti inamwagika, na alama za kuumika hukaa mgongoni siku nyingi, hadi wiki au zaidi, kwa mtu ambaye hukumpa muda wa kuamua kama anazitaka. Moksa, yale majani makavu yanayochomwa karibu na ngozi, vivyo hivyo: jivu huanguka, moshi unawakera wenye pumu, na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni hataligundua kaa hadi ngozi ipate lengelenge.

Kinachofanyika vizuri hemani ni kupima presha, na tunasikitika kwamba wanafunzi huiona kazi ya kudharau. Mtu akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Pima mara mbili. Ikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida au uso umepinda, hiyo ni gari la wagonjwa. Hata bila dalili, mtu huyo hadungwi. Anaandikiwa kikaratasi chenye vipimo na kuelekezwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyemgundua mtu mmoja wa namna hiyo amefanya huduma ya jamii kuliko wote waliodunga Hegu kutwa nzima.

Kliniki ya chuo yenyewe: 3.5

Vyuo vingine huhesabu zamu za bei nafuu ndani ya kliniki yao kuwa ndizo huduma ya jamii. Kwa kujifunza ni nzuri: mgonjwa mmoja kwa saa moja hadi moja na nusu, jalada kamili, kitanda, mwalimu mlango wa pili, mgonjwa anarudi na unaona kama ulichofanya kilisaidia. Kasoro ni kwamba jamii ndiyo inayokuja, na wanaoweza kuja ni wenye nauli na muda wa mchana. Ukiwa umejaza saa zako zote humo, hujawahi kufanya kazi bila kitanda chako na droo yako, na hilo litakuumbua siku ya kwanza ya kazi nje.

Vijijini, China kwenyewe: haipimiki kwa nyota

Kwenye vyuo vikuu vya tiba ya Kichina nchini China, likizo ya kiangazi huja na kampeni ya San Xia Xiang, iliyoanza miaka ya 1990, inayopeleka wanafunzi vijijini na utamaduni, sayansi na afya. Wa tiba hufanya yizhen, yaani uchunguzi wa bure: meza ndefu, mapigo, ulimi, presha, tuina (ukandaji wa Kichina) kidogo. Ni fupi, na ina udhaifu ule ule wa kambi, isipokuwa pale timu inaporudi kijiji kilekile mwaka baada ya mwaka na majalada ya mwaka jana mkononi.

Tofauti kabisa na hiyo ni mkataba. Tangu 2010 serikali ya China inawasomesha bure wanafunzi wa udaktari, wa tiba ya Kichina wakiwemo, ili wakimaliza watumikie hospitali za vijijini kwa miaka sita. Ada na malazi vinalipwa, na kuna posho. Kinachobana ni kwamba anayetia sahihi ana miaka 18 au 19, na anayetumikia mkataba ni mtu wa miaka 24 mwenye mchumba mjini. Urithi wa mpango wenyewe ni wa zamani: mwaka 1965 Mao alidai wizara ya afya iache kuhudumia wa mijini peke yao, na wale wahudumu wa vijijini waliofuata, "madaktari pekupeku", walibeba sindano za akupancha na dawa za kisasa kwenye mkoba mmoja. Wao walikuwa wanakijiji waliofundishwa na kubaki kwao. Kijana wa mkataba anapelekwa asikokuzaliwa au anarudishwa alikotoroka, na ubora wa zamu yake unategemea kama hospitali ile ina chumba cha tiba ya Kichina au watamweka tu kuandika vyeti.

Dawa za mitishamba zisipande gari la kambi

Hili linaulizwa kila mara, na jibu letu ni hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, kliniki ya kupunguza uzito ilitoa vidonge ambamo mmea wa Stephania tetrandra ulikuwa umebadilishwa na Aristolochia fangchi. Kwa Kichina majina ni fangji na guang fangji. Tofauti ni silabi moja. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo. Kosa la namna hiyo linanaswa kwenye duka la dawa la chuo lenye lebo, namba za shehena na mtu wa pili anayehakiki. Halinaswi kwenye sanduku la plastiki nyuma ya gari. Na hata mmea ukiwa ndio wenyewe, mzizi wa danshen kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, unaweza kumwagisha damu, na gancao (mzizi wa likorisi) nyingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Zamu ya siku moja haina historia ya dawa za mtu wala namba ya kumpigia kesho.

Kabla hujajiandikisha

Chanjo ya homa ya ini aina B kwa kawaida inachukua dozi tatu: mwanzo, baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita. Anayeamka wiki moja kabla ya zamu ameshachelewa kwa nusu mwaka. Baada ya dozi ya mwisho, kipimo cha kinga mwezi mmoja au miwili baadaye kinakuambia kama ilishika. Ukijichoma na sindano iliyotumika: osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa hapo hapo. Dawa za kuzuia VVU zina dirisha la saa 72, na kadiri unavyoziwahi ndivyo zinavyofaa, kwa hiyo kituo cha kuzipata kijulikane kabla ya zamu na kiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya sanduku la usalama.

Bima ndiyo hukumbukwa mwisho. Bima ya chuo mara nyingi inataja anwani ya kliniki. Zamu ya nje inataka barua inayoitaja sehemu ile mpya. Ruhusa ya mwanafunzi kudunga nayo kwa kawaida imefungwa kwenye chuo na mipaka ya mamlaka iliyoitoa. Ukivuka mpaka kwenda kusaidia kwenye maafa, huko wewe ni mtu asiye na leseni mwenye sindano mkononi, nia njema haibadilishi hilo.

Fomu yenyewe ijazwe siku hiyo hiyo. Muda wa kuanza na kumaliza, bila saa za kusafiri. Idadi ya watu uliowahudumia wewe, si waliokuja. Ngazi yako siku hiyo: mtazamaji, msaidizi au mdungaji. Sahihi zinazotafutwa mwisho wa muhula kwa mkupuo, wino mmoja, mwandiko mmoja, ndizo za kwanza kukataliwa mkaguzi akija, na mara nyingi msimamizi mwenyewe hakumbuki tena. Tunashauri kuongeza safu mbili kwa mkono hata kama chuo hakizitaki: sindano zilizoingia na sindano zilizotoka.

Mratibu wa zamu anapokuita, muulize msimamizi atakuwa chumbani au kwenye simu, mtu akizirai atalazwa wapi, na masanduku ya sindano yakijaa yanachukuliwa na nani. Akijibu swali la tatu kwa "tutajua tukifika", chagua zamu nyingine.